Historia ya Ghorofa, Aliyeugua kwa Muda Mrefu

Ndugu waombolezaji, marehemu tunayemsindikiza leo, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Ghorofa, alizaliwa tarehe 9 Mei 1979 katika zahanati ya mtaa huu, akiwa kitindamimba wa baba seremala na mama mpishi wa shule, akitanguliwa na kaka yake mkubwa aliyeketi hapa mbele, na dada yake, ambaye ndiye anayewasomea.

Alisoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha sekondari, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu fani ya umeme mwaka 2000, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa fundi wa lifti, kazi iliyomwingia damuni kiasi kwamba hata akikupisha mlangoni mwa kibanda cha chai alikuuliza, "Ghorofa ya ngapi, bosi?"

Tarehe 14 Agosti 2005 alifunga ndoa na msusi aliyekuwa na saluni katika jengo moja la mjini, jengo ambalo lifti yake, kwa miezi ile ya uchumba, iliharibika mara nyingi kuliko lifti zote, na wakajaliwa mabinti wawili, mmoja mwaka 2007 na mwingine mwaka 2011.

Tarehe 3 Machi 2016, akiwa kazini, aliteleza akaanguka ndani ya shimo la lifti, akavunjika paja na nyonga, akalazwa miezi minne, na aliporuhusiwa alipewa vidonge vikali vya maumivu, akaambiwa avinywe kila akisikia kuumwa, naye akaendelea kusikia kuumwa hata baada ya kutupa magongo, akavitafuta duka hili na lile, akafukuzwa kazi mwaka 2018 kwa kusinzia juu ya lifti.

Mwaka 2019 mama yetu aliugua kansa ya mifupa, akauguzwa nyumbani kwa kaka mkubwa, na katika wiki zake za mwisho alikuwa akilalamika, "Nimekunywa dawa wanangu, mbona haishiki?", na haikushika kwa sababu Ghorofa alizichukua zile za kweli, akaweka mahali pake vidonge vyeupe vya kawaida vya kichwa, na mama akafa akiuma shuka, jambo ambalo kaka hakulisamehe, wala hapa hakuna wa kumlaumu kwa hilo.

Januari 2020 daktari wa kliniki alisema uraibu wa Ghorofa ni ugonjwa, unatibika, lakini mgonjwa alazwe na ndugu wawe nyuma yake, ndipo familia ikakutana sebuleni kwa kaka, na kaka akauliza, "Mguu ulishapona, sasa kinachouma ni nini?", Ghorofa akajibu, "Kaka, hata mimi sikijui, ila kinauma," kaka akasema ugonjwa haufuatwi dukani kwa miguu, na shemeji yetu msusi, akimtazama baba mdogo mwenye kisukari aliyekuwa akikoroga kijiko cha tatu cha sukari kwenye chai yake, akasema, "Mbona huyu naye anaufuata kwa mkono wake, na hospitali mnampeleka?", watu wakacheka, baba mdogo akakasirika, na kikao kikavurugika hapo.

Kabla hatujatawanyika dada yake alimuuliza yeye mwenyewe, je, unaumwa au unapenda, akasema, "Dada, siku za mwanzo ningeweza kuacha, sikutaka, na nilipotaka sikuweza, na vya mama nilivichukua kwa mkono huu, sisingizii mtu," lakini kaka alikwisha kumfungulia mlango, akamwambia, "Umejitakia, usirudi hapa," nasi wengine tukatazama mazulia.

Alijaribu kuacha peke yake mara tatu, mkewe akimfungia chumbani, akitapika na kutetemeka, mara ya mwisho akakaa miezi minane bila kidonge, akanenepa, akaanza kutengeneza pasi za majirani, kisha akateleza tena, na Jumapili ya tarehe 15 Oktoba 2023, mchana, mkewe alimkuta kwenye kiti cha sebuleni, redio ikiongea, yeye amekwisha kukata roho.

Jana kaka alimwita dada pembeni akamwambia, "Andika aliugua kwa muda mfupi, watu wasituseme," na dada amekataa, kwa sababu hakuugua kwa muda mfupi, na kwa sababu, kaka, kama leo ni ugonjwa, basi ulikuwa ugonjwa hata siku ile ya mlango, na kama alijitakia, tusimvalishe ugonjwa sasa ili sisi tuonekane nadhifu.

Familia inamshukuru daktari wa kliniki aliyempokea bila miadi, wauguzi, majirani waliomletea pasi mbovu hata ambazo hazikuwa mbovu, mafundi wenzake waliobeba jeneza, na shemeji yetu, aliyebaki naye wakati wenye damu moja naye tulipokuwa na shughuli nyingi.

Pumzika kwa amani, mdogo wetu, maana sisi uliotuacha hatutaipata upesi.