Sogea Kidogo, Umemziba Mtu: Kumuaga Mjomba Khiem wa Ukumbi wa Tatu

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuitumikia Makumbusho ya Mto Thach kwa miaka thelathini na mmoja, Bwana Doan Khiem, mlinzi wa Ukumbi wa Tatu, anastaafu rasmi. Hapa kazini hakuna anayemwita Bwana Doan. Ni Mjomba Khiem, kuanzia kwa wafagizi hadi kwa mkurugenzi.

Aliajiriwa kama fundi wa makabati ya vioo, na makovu ya vidoleni anayo hadi leo. Baadaye alipewa ulinzi wa ukumbi wenye picha za vita, pamoja na kiti cha kukalia mlangoni. Kiti kile hakukikalia. Alikitumia kuwekea birika lake la chai, na ole wako ukimwomba ukae.

Enzi hizo ilikuwa marufuku kupiga picha ndani. Wageni wetu, kama mnavyowajua, hawawezi kuona ukuta wasisimame mbele yake. Wasichana huja na magauni marefu ya kukodi, maharusi huja na mpigapicha na mtu wa kushika taa, na wazee hutaka kupigwa picha karibu na kila kitu, hata karibu na ndoo ya kuzimia moto. Mjomba Khiem aliwamudu wote. Simu za kamera zilipoingia, alijifunza kuzitumia kabla yetu sisi vijana, kwa sababu moja tu: ajue kufuta. Alikuwa anasimama pembeni ya mgeni kwa adabu, mikono nyuma, mpaka picha ifutike. Alipata tuzo ya mfanyakazi bora mara mbili kwa kazi hiyo, na alistahili. Hakuna ukumbi uliolindwa vizuri kama wake.

Hapo ndipo penye jambo ambalo mwenyewe ametuomba tuliandike. Alisema wasifu usiokuwa nalo tumpelekee mtu mwingine.

Miaka kumi na sita iliyopita alikuja Bibi Nhan, kutoka vijiji vya juu ya mto. Dada yake, Thoa, alikufa vitani akiwa na kikosi cha wasichana waliokuwa wakifukia mashimo ya mabomu barabarani. Nyumba yao iliungua wakati huohuo, na picha zote zikaungua nayo. Kwa hiyo kwenye madhabahu ya nyumbani, panapowekwa picha za marehemu, walipo wazazi na mababu kila mmoja na uso wake, Thoa alikuwa jina tu kwenye karatasi. Mtu alimwambia Bibi Nhan kwamba ukutani kwetu kuna picha ya kikosi kile. Akaazima simu ya mpwa wake, akapanda basi, akaja. Thoa alikuwa wa nne kutoka kushoto, ameshika koleo, anacheka.

Bibi Nhan alipiga picha moja. Mjomba Khiem akafika na mikono yake nyuma. Alisikiliza habari yote mpaka mwisho, kisha akamweleza kwamba ofisi inaweza kumtolea nakala, ila mkubwa mwenye kutoa ruhusa yuko safarini. Arudi baada ya majuma machache. Bibi Nhan hakujua kufuta. Mjomba Khiem alimfutia kwa kidole chake mwenyewe.

“Haya, mdogo wangu,” Bibi Nhan alimwambia. “Nimemwona. Nitarudi kumchukua.”

Kabla hajarudi, mto ulipanda. Waliokuwepo wanakumbuka maji yalivyoingia Ukumbi wa Tatu na kufika juu ya fremu. Picha ile iligeuka uji. Nakala yake pekee ilikuwa kwenye kabati la chini, nayo ikaenda. Tulikuwa bado tunazoa matope mlangoni Bibi Nhan alipotokea na fremu mpya kifuani, imefungwa kwa gazeti. Mimi nilikuwa kwenye dirisha la tiketi. Mjomba Khiem aliweka koleo chini, akamwendea, akamwambia mwenyewe. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia vile kazini, na simzungumzii Bibi Nhan.

Tuliwatafuta wageni wa zamani, kwamba huenda yupo mmoja aliyeupiga picha ukuta ule akatoka nayo. Hakuwepo. Mjomba Khiem alikuwa ameifanya kazi yake vizuri mno.

Marufuku iliondolewa miaka miwili baadaye, na wakuu wetu watakiri kwamba waliiondoa ili waache kusumbuliwa naye. Tangu hapo amekuwa yeye ndiye mpigapicha wa kila mgeni. Anawapanga, anarudi nyuma, kisha anasema, “Sogea kidogo, umemziba mtu.” Wageni hugeuka na kukuta nyuma yao hakuna mtu, ila picha za ukutani. Tumemtania sana kwa hilo, na hajaacha.

Kila mgeni mwenye umri humuuliza kama aliwahi kuja zamani na kumwibia picha. Mwaka juzi bwana mmoja alikiri, kwa woga, kwamba siku ya harusi yake walipiga moja Mjomba alipokwenda kuchemsha chai. Ilikuwa bado kwenye simu yake mbovu. Kikosi chote kinaonekana ukutani, isipokuwa wa nne kutoka kushoto. Kichwa cha bwana harusi kimemziba uso. Kimebaki kiganja kilichoshika koleo.

Bibi Nhan aliitazama muda mrefu. “Mkono ni wake,” alisema. “Ndio uliokuwa ukinisuka.” Akautia ndani ya ile fremu. Walikata walivyoweza, lakini sikio la bwana harusi limo. Kila siku ya kumbukumbu ya Thoa, Mjomba Khiem huenda kula wali wa kunata kwa Bibi Nhan, na kuufukizia ubani ule mkono pamoja na lile sikio.

Alhamisi baada ya chakula tutapiga picha ya pamoja Ukumbi wa Tatu. Warefu wakae nyuma. Katikati ya safu tuache nafasi, msumari wa picha ile uliobaki ukutani uonekane. Kwa miaka yote hii Mjomba hajaruhusu kitundikwe kitu pale.

Mjomba Khiem, asante kwa makabati, kwa chai na kwa kutusogeza sogeza. Pumzika, uwalee wajukuu, na ukija kututembelea kiti chako utakikuta na birika juu. Siku mtu akitokea na simu yake ya zamani, tutakupigia kabla hata hajakata tiketi.

Diep, Dirisha la Tiketi