Siku Shalmali Alipoitetea Avidya

Benchi la Nagamma, muuza kahawa, limetazamana na ukumbi wa chuo cha Kisanskriti, hatua chache kutoka mto Tunga, na asubuhi hiyo lilijaa hata maziwa hayajachemka. Ndani ya ukumbi, Shalmali alikuwa anasubiri zamu yake ya kukaa mkekani mbele ya magwiji na kuitetea hoja ya avidya, yaani ujinga kama wanafalsafa wanavyouelewa. Hakuna msichana wa mtaa ule aliyewahi kukalia mkeka huo. Baba yake, Venkatesha, mstaafu wa posta ambaye benchi zima linamwita Posta, alisema anapita kunywa kahawa moja tu. Hiyo moja ilikuwa imeshazaa nyenzake.

TIKETI (kondakta mstaafu): Posta, usihofu. Mtoto kalelewa na benchi hili. Ni nani aliyemfundisha kwamba neno ni basi na kiambishi ndiye kondakta? Basi ni lilelile, kondakta ndiye anayepiga kelele linakwenda wapi!

DAWA CHUNGU (muuza mitishamba): Wee, kiambishi ni dawa. Chukua "hara" ya Kisanskriti, kuchukua. Tia kidogo mbele: ahara, chakula. Vihara, matembezi. Prahara, kipigo.

TIKETI: Yaani jana yangu nzima! Nimekula ahara, nikaenda vihara, kurudi nyumbani mke kanipa prahara.

NAGAMMA: Ulistahili.

DAWA CHUNGU: Sasa "vidya" ni elimu. Bandika "a", avidya, elimu hakuna. Kwisha!

POSTA: Haijaisha, bwana! Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Avidya siyo kukosa. Ni kitu kipo, kimekaa, kimefunika. Miwani ikiingia mvuke, macho yamekwenda wapi? Yapo!

TIKETI: Msikieni huyo! Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

DAWA CHUNGU: Hiyo inaingiaje hapa?

TIKETI: Haijaingia bado. Nimeitanguliza tu, kama kiambishi.

Benchi likacheka mpaka bilauri zikagongana. Posta naye alicheka, ila jicho lake halikubanduka kwenye lango la ukumbi.

TIKETI: Wengine wana dhahabu, sisi tuna viambishi. Chukua "gnyana", ujuzi. Weka "pra", unapata pragnya, hekima. Weka "vi", unapata vignyana, sayansi. Roketi zile zinaruka kwa "vi" yetu!

DAWA CHUNGU: Na ukiweka vyote viwili?

TIKETI: Unaihama dunia. Hurudi.

Hapo Rukmini, mama yake Shalmali, akatokea langoni, akavuka barabara mbiombio, pindo la sari mkononi.

RUKMINI: Baba Shalmali, ameshaanza.

TIKETI: Shemeji, ile hoja yangu ya basi kaitumia?

RUKMINI: Sijui, kaka, Kisanskriti chenyewe nabahatisha. Nilichokiona ni magwiji kuacha kutafuna tambuu. Wanamsikiliza.

DAWA CHUNGU: Huyo! Mtoto wa benchi huyo!

TIKETI: Niliwaambia mimi! Damu yetu!

RUKMINI: Sasa nyinyi mnaojua yote haya, mbona mko nje?

Dawa Chungu akachungulia bilauri yake kama aliyedondosha kitu ndani. Posta alitaka kusema kwamba alikaa huku ili sura yake isimbabaishe mtoto, lakini alijua ni uongo. Aliogopa. Aliogopa kumwona mwanawe akikwama mbele za watu, na woga huo ulikuwa umemkalisha pale tangu alfajiri.

Akasimama bila kuaga, kahawa akaiacha. Mlangoni, kabla hajamwona Shalmali, aliisikia sauti yake. Mzee mmoja alikuwa anamtupia swali la kumbana. Shalmali alicheka kidogo, kama anavyocheka nyumbani akishajua jibu, kisha akajibu polepole, neno baada ya neno, na ukumbi mzima ukanguruma kwa kuridhika.

Posta akavua viatu. Fahari ilimpanda kifuani mpaka ikamuuma. Akapita katikati ya watu, huku akiomba radhi kwa kila goti alilolikanyaga, akaenda kuketi mbele kabisa, mahali ambapo binti yake hangeweza kukosa kumwona.