Mashine Namba Tisa Izimwe

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu Mkuu,

Sisi mafundi wa karakana tunakukaribisha kwa heshima zote kuzindua ukumbi huu mpya. Meneja alitutaka tuandike kwa ufupi na tuchangamke. Kwa ufupi tutajitahidi.

HISTORIA

Mashine za kamari za mwanzo zilikuwa chuma kitupu: mkono pembeni, magurudumu matatu yenye picha, na springi. Ukivuta, yanazunguka mpaka yachoke. Ndizo alizoanzia kazi kaka yetu mkubwa, tunayemwita Sikio, kwa kuwa aliegemeza kichwa tu akajua springi ipi imelegea. Baadaye ukaja umeme, mkono ukabaki pambo. Siku hizi ni kioo na kompyuta ndogo. Ukibonyeza tu, jibu limeshapatikana. Kuzunguka kote kule ni kiini macho.

MAFANIKIO

Mashine zote za humu alizipanga Sikio. Ndiye aliyetufundisha kwamba picha mbili zifanane na ya tatu isimame hatua moja chini, maana aliyekosa kabisa huenda zake nyumbani, ila aliyekosa kidogo hukaa. Tulicheka sana siku ile. Ukumbi wa zamani ukafurika, nawe ukatuletea vyeti.

CHANGAMOTO

Kwetu mashine haitoki karakana mpaka fundi aionje, yaani aicheze raundi mia. Namba tisa aliionja Sikio. Raundi zikaisha, hakuinuka. Akadai anaisikia, kama alivyozisikia zile za zamani. Tukamkumbusha kuwa ndani hamna springi wala cha kusikia, na kwamba somo hilo katupa mwenyewe.

Akasema, "Nyie watoto wa juzi. Imekosa kidogo tu."

Tukadhani utani. Kumbe mwenzetu ndiyo anazama hivyo. Aliacha kazi akawa mteja. Mkewe alikuja karakana, akakaa kwenye benchi la mumewe, akatutazama mmoja mmoja.

"Shemeji zangu," alisema, "sikuja kuomba chakula. Nizimieni hiyo mashine."

Tuliona aibu, mgeni rasmi, hata maji tulisahau kumpa. Kanuni inamkataza fundi kuzima mashine mteja akiwa ameikalia, mpaka uongozi uridhie. Tulimwomba Meneja mara tatu. Alitujibu kuwa mteja mzuri hasumbuliwi. Tangu hapo mzee wa watu ameanguka mara mbili palepale kitini. Alipepewa, akainuka, akabonyeza tena.

MAOMBI

Tulikuwa na maombi ya glavu na feni. Tumeyafuta, tumebakiza moja.

Namba tisa imehamishiwa humu. Leo asubuhi Meneja alimwingiza Sikio kwa mlango wa pembeni, ili ukumbi usionekane mtupu kwenye picha. Ndiye yule mwenye shati la kijivu nyuma yako. Tumepiga makofi ulipoingia, tumekusomea habari zake kwa kipaza sauti, na hajageuka.

Tunaomba utupe idhini ya kuizima sasa hivi, kabla hujakata utepe. Ukiitikia kwa kichwa tu yatosha. Fundi umeme ameshasimama kwenye swichi. Tutamshika mkono, tumtoe taratibu mpaka getini, aliko mkewe.

Mungu akulinde, awalinde na wanaokungoja nyumbani.

Ni sisi, Mafundi wa Karakana ya Mashine. Tunasubiri kichwa chako.