Uso wa Mchimbaji

Kutoka Salamabila hadi Kasongo tulikuwa watatu juu ya pikipiki moja: Clovis akiendesha, mimi katikati, na nyuma yangu Muzaliwa, mchimba dhahabu. Kila walichoambiana kilipita masikioni mwangu kwanza.

"Docteur mumoja alisema ku radio, ubongo iko kama muguu, inafundishwa," alisema Clovis. "Kila asubui unahesabu mambo tatu ya muzuri. Furaha inazoea kuja." Akaanza kuhesabu yake kwa vidole, vilevile vilivyotakiwa kushika usukani. Mimi nilipata jambo moja tu zuri: bado tulikuwa barabarani.

"Yangu ilishafundishwa, ndugu," alijibu Muzaliwa. "Kule shimoni, ukiona zahabu unakunja uso. Ukicheka tu, watu wanajua, na kesho shimo haiko yako tena. Miaka saba sijacheka mbele ya kitu kizuri."

"Hiyo ni ugonjwa."

"Ni kazi."

"Na huyu mutoto unaenda kuona mara ya kwanza? Utamukunjia uso?"

"Furaha iko ndani, Clovis."

"Mutoto ataionea wapi?"

Pikipiki ilisimama karibu na soko la Kasongo. Mke wa Muzaliwa alikuwa anangoja na mtoto wa miezi mitatu mgongoni. Alimfungua, akampa mumewe. Muzaliwa alimtazama mtoto kwa muda mrefu, akakunja uso kama mtu aliyechimba bure. Halafu akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akamfunika haraka.