Jaribio la Kumi

Ukitaka kuusikia uongo wote wa mtaa, keti kwenye benchi lililo mbele ya kibanda cha funguo. Benchi lenyewe alilitengeneza Seremala, na jioni ile alikuwa amelikalia, kompyuta ya marehemu mkewe mapajani. Mkewe alikuwa mwalimu wa watoto wadogo, na humo ndani alijirekodi akiwasomea hadithi. Alikuwa ametimiza miezi mitatu kaburini, na Seremala, jamani, alikuwa ameanza kuisahau sauti yake. Kompyuta ilidai neno la siri. Alishakosea mara tisa. Akikosea ya kumi, kila kitu kinafutika.

— Kosa ni lako, Kufuli, alisema. Wewe ndiye uliyemshauri.

Kufuli, mchonga funguo, alizima mashine yake.

— Nilimwambia ukweli! Tarehe ya kuzaliwa ni mlango wa pazia, kila mtu anapita. Nikamwambia, shemeji, unganisha maneno manne ya kitu unachokipenda. Wewe hutakisahau, na mwizi hatakibahatisha. Nimekosea wapi?

— Umemfungia mumewe nje, alidakia Profesa, karani mstaafu. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Uchi na kompyuta wapi na wapi? aliuliza Kufuli.

— Si alificha? Haya, tumezaa nini hapa?

Kufuli alicheka. Seremala hakucheka.

— Umeshajaribu nini? Profesa akauliza, akimmiminia kahawa.

— Jina langu. Jina la baba yangu. Siku niliyomwoa. Timu yangu. Pikipiki yangu...

— Jaribu timu kinyumenyume!

— Timu yake inacheza kinyumenyume tayari, alisema Kufuli. Mimi nasema ni namba ya kiatu cha Seremala. Si mkewe alikuwa anamnunulia viatu?

— Kiatu! We vipi? Ni maneno aliyomtongozea! Ulimwambiaje, Seremala?

Seremala alitazama chini.

— Nilimwambia, "Dada, una kiti kibovu?"

— Manne! Profesa aliruka, kahawa ikamwagika. Hesabu, manne kamili! Penye nia pana njia! Andika!

Seremala alishagusa herufi ya kwanza pale mama mmoja, aliyekuwa amesimama kando akisubiri ufunguo wake, alipokohoa kidogo.

— Samahanini. Hayo yote ni mambo ya mzee huyu. Marehemu mwenyewe alipenda nini?

Profesa aliinama kupangusa kahawa iliyomwagika. Kufuli akaanza kufuta ufunguo uliokuwa safi.

— Alipenda... alisema Seremala.

Seremala mwenyewe ndiye aliyependa chai bila sukari, kola iliyonyooshwa, taarifa ya habari ya asubuhi. Mkewe alivijua vyote hivyo.

— Alikuwa akiimba, alisema hatimaye. Jikoni, kila asubuhi, wimbo uleule. Miaka ishirini na sita. Na mimi nikawa namwambia, mke wangu, punguza sauti, nasikiliza redio.

— Wimbo gani, baba?

Hata neno moja la wimbo ule hakuwahi kulisikiliza. Seremala aliondoa kidole kwenye herufi, akaifunika kompyuta taratibu, akailalia kwa kifua chake na kulia mbele ya watu.