Bi Sijui na Rangi ya Gauni

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, mtia rangi mkuu wa Chumba cha Picha anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye jalada, lakini ukilitaja hapa ofisini, nusu ya watu watauliza ni nani huyo. Sisi tunamjua kama Bi Sijui.

Nimeketi naye meza kwa meza miaka ishirini na sita, kwa hiyo nina haki ya kusimulia jina hilo lilikotoka.

Alipoajiriwa, picha za zamani zisizo na rangi zilitiwa rangi kwa brashi na pamba. Mkono wake ulikuwa mwepesi na, kwa kukiri kwake, mdomo ulikuwa mwepesi zaidi. Ukimwuliza shati la mtu pichani lilikuwa la rangi gani, alijibu kabla hujamaliza swali.

Mwaka wake wa tisa tuliandaa maonyesho ya picha za harusi. Kubwa kuliko zote ilikuwa ya bibi harusi aliyesimama peke yake mlangoni, gauni lake limetoka jeusi tii. Bi Sijui aliliacha jeusi, akatia rangi uso, mlango na maua, na chini yake akaandika kwamba bila shaka bibi harusi alikuwa na msiba. Wageni walisimama hapo wakisikitika.

Siku ya tatu akaja bibi wa miaka sabini na tano, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Akauliza nani aliyeitia rangi picha ile. Bi Sijui akajitokeza, akidhani anakwenda kupongezwa.

"Mwanangu, umemvika dada yangu msiba," bibi alisema. "Gauni lilikuwa jekundu. Pindo nililishona mimi, nikiwa na miaka kumi."

Ningekuwa mimi ningejitetea. Yeye alivuta kiti, akamketisha bibi, akaomba asimuliwe siku ile tangu asubuhi. Wiki iliyofuata alimfuata nyumbani, akaonyeshwa kipande cha kitambaa kilichosalia, kimegeuzwa mto wa kuchomekea sindano. Kwenye mikunjo, ambako jua halikufika, kilikuwa chekundu bado. Alihangaika miezi miwili kutafuta filamu ya aina ile ya zamani, akakipiga picha. Kikatoka cheusi. Ndivyo tulivyojifunza kwamba filamu nyingi za enzi hizo hazikuiona rangi nyekundu, ziliigeuza giza.

Picha aliiondoa ukutani mwenyewe, akabandika karatasi yenye sahihi yake: "Nilikosea. Sikuuliza." Mkurugenzi wa wakati ule aliamuru karatasi ishushwe, akisema inaivua ofisi nguo mbele ya wageni. Bi Sijui akamjibu kwamba ikishuka, naye anafunga virago. Ilikaa mpaka maonyesho yakaisha.

Picha mpya ilipokamilika, bibi alikuwa kitandani, hajiwezi. Bi Sijui aliibeba hadi chumbani kwake. Bibi akaomba isogezwe karibu.

"Sasa ndiye," akasema. "Lakini mkanda ulikuwa wa njano."

Bi Sijui akarudi mezani. Alipoumaliza mkanda, bibi alikuwa amezikwa siku mbili kabla. Ndiyo asubuhi pekee niliyomwona akilia kazini.

Mjukuu aliomba tuandike kwamba bibi harusi alikuwa na furaha. Bi Sijui alikataa kwa upole: wekundu wa gauni hausemi kilichokuwa moyoni. Leo maelezo ya picha hiyo yanasomeka hivi: gauni, jekundu, kwa kitambaa na shahidi; mkanda, njano, kwa shahidi mmoja; maua, hatujui. Safari hii maua ameyaacha ya kijivu. Tangu hapo, pasipo na ushahidi alijibu kwa neno moja tu, nalo likawa jina lake.

Msidhani ni mtu wa kununa. Tuliwahi kumtega kwa kumwuliza rangi ya mlango wa ofisi yetu. Akatoka nje kuhakikisha, akarudi anacheka kutushinda. Na ilipoletwa programu ya kompyuta inayotia rangi picha mia kabla chai haijapoa, aliijaribu kwa picha ile ile. Ikalipaka gauni jeusi bila kusita. "Ina haraka kama mimi wa zamani," akasema, akaipa kazi ya kufuta mikwaruzo.

Anaacha picha elfu mbili na mia nne, kila moja na faili lake la ushahidi. La mwisho alilitia sahihi Jumatatu: washonaji kumi na wawili mbele ya karakana. Kumi na mmoja wamekamilika. Wa mwisho kushoto, kilemba chake ni cha kijivu. Ndani ya faili ameandika mtaa anakoishi binti wa mshonaji huyo, na maneno haya: "Nendeni mapema. Mama huyo amezeeka."

Dada yetu, asante kwa kutuonyesha kwamba mtu anaweza kukosea hadharani na kesho yake akaja kazini. Tunakuombea afya, mapumziko na umri mrefu wenye heri. Utuwie radhi tukiondoka mapema kwenye hafla yako. Yule mama anatungoja saa tisa.