Marcelino Kikoti, Aliyewekewa Matanga Mara Mbili

Ndugu waombolezaji, kamwene. Wasifu huu unasomwa na Silvester, mdogo wake marehemu, lakini maneno ni ya mjane, Benedicta. Ameagiza yasomwe vile vile alivyoyasema, hata kama Padre atakunja uso.

Marcelino Kikoti alizaliwa Kilolo tarehe 14 Machi 1931, mtoto wa tatu wa mzee Timotheo na mama Juliana. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne. Hesabu zilimpita kando, na jikoni kwa mapadre alionekana zaidi kuliko darasani. Upishi ukawa ndiyo kazi yake, kwanza Iringa mjini, kisha kuanzia 1971 hadi 1973 kwenye kambi ya wajenzi wa reli huko Usangu, upande wa Rujewa. Huko alisonga ugali wa kambi nzima kwa mwiko uliompita urefu yeye mwenyewe.

Alifunga ndoa na Benedicta tarehe 9 Juni 1956. Siku ya posa alikaribishwa chakula, akaonja, akauliza kwa upole nani amepika. Wazee wakashika vichwa. Sauti ikatoka jikoni: "Ni mimi, na kama una mdomo, njoo upike wewe!" Marcelino akainuka, akaenda kupika. Majirani walisema kalishwa limbwata. Yeye alijibu kwamba hajalishwa kitu, yeye ndiye anayelisha. Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kwanza Didas.

Sasa tunafika mwaka 1974, na hapa msaidieni Benedicta, kwa sababu hata leo hajui aanzie wapi. Alhamisi tarehe 5 Septemba lilikuja lori la kuwahamisha kutoka ng'ambo ya mto kwenda kijiji kipya hapa Idodi. Hakuna aliyeulizwa. Nyumba iliezuliwa, kuku wakafungwa miguu, Benedicta na watoto wakapakiwa. Marcelino alikaa juu kabisa ya mizigo, amekumbatia kinu kisije kikawaangukia watoto. Kwenye kivuko cha mto lori likaruka. Kinu kilibaki. Marcelino hakubaki.

Walimtafuta mpaka wakachoka. Mtoni waliopoa kofia tu, na dimbwi lile kila mtu anajua lina mamba. Basi wazee wakafanya kama ifanyikavyo mwili ukikosekana: wakakata mgomba, wakauvalisha kofia yake, wakauzika. Mtani wetu Yotamu, Mgogo, alimwigiza marehemu anavyoonja mchuzi, watu wakacheka huku wanalia, naye akapewa kuku wake wa utani. Benedicta akanyolewa nywele.

Jumamosi tarehe 14, siku ya kuanua matanga, pombe ya komoni imeshamiminwa, mtu akatokea njia ya mtoni. Wanawake walikimbia, na Yotamu aliwapita wote. Benedicta peke yake hakukimbia. Marcelino akasimama mbele yake, akamtazama kichwa kilichonyolewa, akasema, "Kamwene, mama Didas. Kofia yangu iko wapi?"

Alichosimulia mmekisikia kilabuni, wengine mpaka mnakikariri. Kwamba alifumbua macho katika nchi nyingine, mbingu yake ya kijani, ng'ombe wake wanasalimia. Kwamba watu wa huko walikuwa wanamsubiri shujaa atakayeanguka kutoka juu, wakamvika nguo za chuma na kumsukuma mbele ya joka lenye vichwa vitatu. Aliwaambia, "Jamani, mimi mpishi!" Hakuna aliyesikia. Basi akaomba sufuria kubwa na unga. Joka likala, vichwa vikagombania mboga, akavipakulia kila kimoja sahani yake, likashiba, likalala mlangoni. Mfalme akampa binti yake amwoe.

Mwenyekiti wa kijiji alimwita ofisini akamwonya asiwasimulie wananchi mambo ya kikabaila. Marcelino alimwomba radhi, akamweleza kwamba mfalme wa huko naye anakwenda shamba la pamoja.

Watu walicheka. Benedicta alicheka pia, hadi pale pa binti mfalme. Hapo kila mara alinyanyuka akaenda kuchochea moto usiohitaji kuchochewa. Kila jioni mumewe alipoketi ameelekea mtoni, roho yake ilikuwa juu. Angefanya nini? Mke mwenza wa Kilolo ungemfuata, mkavutana kanga, mkayamaliza. Huyu wa mbingu ya kijani hakuwa hata na njia ya kumfikia. Miaka mitano alilala akishika ncha ya shati la mumewe, na hakuwahi kumwambia.

Februari mwaka huu miguu ya marehemu ilianza kuvimba. Daktari wa Iringa mjini alisema ni moyo, akatoa vidonge, na mwezi wa tisa akasema mpeni anachotaka kula. Alitaka chai ya sukari. Sukari yenyewe mwaka huu mnaijua. Benedicta alizunguka maduka yote akarudi mikono mitupu, akaketi kando ya kitanda. Basi akauliza lile alilolimeza miaka mitano.

"Baba Didas, kule ulifukuzwa, au uliondoka mwenyewe?"

"Niliondoka. Walinipa nyumba ya mawe, mama Didas. Lakini kila nikilala nakiona kile kinu juu ya lori. Nikasema, nani atamshushia mke wangu?"

"Alikishusha Yotamu."

"Ndiyo maana kina ufa."

Wakacheka wote wawili, akakohoa. Benedicta akamfuta mdomo, akamwuliza, "Na safari hii, utarudi?" Alikuwa ameshalala. Hakuamka tena. Ilikuwa Jumatatu tarehe 8 Oktoba 1979.

Asubuhi ya leo Yotamu alitangaza kwamba haigizi mtu. "Huyu nilishamlilia mwaka sabini na nne, kuku nilimla, kazi yangu ilikwisha." Watu wakacheka. Kisha lilipofunguliwa jeneza akatazama ndani muda mrefu, akavua kofia yake akamwekea kifuani.

Marehemu ameacha mjane, watoto wanne, wajukuu wawili na ndugu wengi. Kuhusu binti mfalme, Benedicta amesema atajwe naye. Kama yupo, naye kafiwa.

Matanga yataanuliwa Jumamosi ijayo hapa hapa nyumbani. Mjane ana ombi moja, na anajua mtamcheka: siku hiyo mtu asikae upande wa mtoni. Ile njia iachwe wazi.

Bwana amlaze mahali pema, apumzike. Na kama hakupumzika, nyumbani anapajua.